Usisunde Safari ya Wenyewe: Venye Unalogi Trakabo Ukiwa Pap Onditi

  Leo tunabonga jiokashing, ule mchezo wa kusaka mikebe imefichwa ukitumia GPS ya simu. Sitaki kubonga mchezo wote. Nadai tushike sehemu moja tu, yenye wasee mob huilenga, na bado ndiyo hubeba utu wa huu mchezo: zile vitu ndogo zenye namba, zenye huzunguka dunia zikipitishwa mkono kwa mkono na watu hawajawahi kutana. Tunaziita trakabo.

Form iko hivi. Msee wa Ujerumani anafunga kibati chenye namba kwa kidoli ya mtoi wake. Anaiacha kwa mkebe umefichwa mtaani kwao, na huo mkebe ndio tunaita kashi. Msee mwingine anaipata, anaibeba na ndege hadi Nairobi. Mwingine anaishukisha Kisumu. Siku moja iko kwa kiganja yako, umesimama stage ya Pap Onditi hapa Nyakach, na huko mbali kuna mtoi anafungua simu ya buda yake kucheki kidoli yake imefika wapi. Jibu lenye huyo mtoi atapata ni lile wewe umeandika. Hakuna lingine.

Ndiyo maana hii maneno naipea uzito. Kulogi trakabo fiti ni heshima kwa mtu amekuamini bila kukujua. Ramani haina macho. Inajua tu chenye umeiambia, na ukinyamaza, hiyo kitu kwa mwenyewe ni ka imekufa, hata ka iko salama kwa droo yako.

Ilianza na mkebe wa maharagwe

Tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani ilizima ile makosa ilikuwa inaweka makusudi kwa GPS ya raia. Mashine zenye zilikuwa zinakosea hadi mita mia hivi zikaanza kukosea mita chache tu. Kesho yake, 3 Mei, msee anaitwa Dave Ulmer akaweka ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangazia watu mahali iko. Ndani kulikuwa na vitu kadhaa, na moja yao ilikuwa mkebe wa maharagwe. Septemba ya huo mwaka, Jeremy Irish akafungua Geocaching.com, na hadi wa leo kampuni yenye huendesha huo mtandao iko Seattle.

Mwaka wa 2001 zikaingia trakabo za kwanza. Kuna Travel Bug, kibati cha chuma chenye unafunga kwa kitu yoyote unadai isafiri: kidoli, funguo, shanga. Halafu kuna jiokoini, sarafu nzito yenye namba imechongwa juu yake. Ule mkebe wa maharagwe ulipatikana baadaye, ukapewa namba, na sasa wenyewe ni trakabo.

Huu mchezo wenyewe umefika mbali kuliko ndege yoyote. Mwaka wa 2008 Richard Garriott alipanda hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga, akaanzisha kashi huko juu. Tarehe 18 Februari 2021, gari ya NASA inaitwa Perseverance ilitua Mars, na kwa kifaa chake kimoja kuna namba ya trakabo. Wasee huku duniani wakicheki picha zenye hiyo gari imetuma, wanasoma namba, wanailogi ka wameiona. Kwa hivyo ile siku utaandika namba ya sarafu ukiwa Nyakach, unatumia mtambo ule ule umebeba namba ya Mars. Pap Onditi haiko nje ya hii story.

Trakabo si zawadi

Kwa kashi kubwa utapata vitu za kubadilishana: kalamu, vishikio vya funguo, midoli. Hizo ni rahisi, chukua moja, acha moja ya thamani hiyo hiyo. Trakabo iko tofauti. Ina mwenyewe, na unaibeba tu kwa niaba yake. Huhitaji kuacha trakabo ndiyo uchukue nyingine. Kitu unahitaji ni uhakika wa kuipeleka mbele, na mbele ni kashi ingine, sio kabati ya keja yako.

Fikiria mzigo wenye unatuma na mat kutoka Kisumu hadi Katito. Unalipa, unaandikiwa risiti, kondaa anajua unashuka wapi na nani anaungoja. Kondaa akishuka Ahero na mzigo wako bila kukuambia, hawezi kujitetea eti yeye ndiye alikuwa anaubeba. Trakabo iko na hiyo sheria, tofauti ni hakuna ofisi ya kuuliza. Risiti yote ni ile logi.

Kabla uishike, soma ukurasa wake. Wenyewe wengi huandika lengo: hii inadai kuona bahari kila bara, hii inadai kupigwa picha na samaki, hii inadai kuvuka ikweta. Hiyo ya ikweta hapa kwetu ni rahisi kabisa. Pap Onditi na Kisumu mjini ziko kusini kidogo ya ikweta, na ukishika barabara ya Busia, unaivuka hapo Maseno. Msee wa Norway anaweza kungoja hiyo picha miaka, na kwako ni safari ya mat ya siku moja. Lakini ka lengo ni kuenda kaskazini na wewe unaelekea Kisii, iache mahali iko. Kuna njia ya kuilogi bila kuibeba, nitakuonyesha.

Namba mbili, kazi mbili

Kila trakabo ina namba mbili, na hapa ndiyo wasee huchoma. Ya kwanza inaanza na TB, iko wazi kwa mtandao, mtu yeyote anaiona. Ya pili ni ya siri, imechongwa kwa kibati au kwa sarafu yenyewe. Hiyo ya siri ndiyo ushahidi ati uliishika au uliiona kwa macho yako. Mtu akiwa nayo, anaweza kuilogi hata ka ako kitandani Mombasa na hajawahi kuiona.

Kwa hivyo sheria ni moja na haina mjadala: namba ya siri haiwekwi kwa picha, haiandikwi kwa logi, haitumwi kwa grupu ya WhatsApp. Ukipiga picha ya sarafu, funika namba na kidole au geuza upande. Halafu ukiiandika, isome polepole. 8 na B hufanana sana kwa chuma imechakaa, na ukikosea herufi moja unaweza kulogi kitu ya mtu mwingine kabisa.

Batani tano na kazi zake

Kwa apu na kwa mtandao, maneno ni ya Kizungu. Shika maana yake na hutapotea.

Retrieve ni ya wakati umetoa trakabo kwa kashi na umeenda nayo. Iko kwa mfuko yako, na ramani inaonyesha iko kwako.

Drop ni ya wakati umeiacha kwa kashi ingine. Hapo ndipo kilomita zinahesabiwa, kutoka kashi ya mwisho hadi hii mpya.

Visit ni ya wakati umefika kwa kashi na trakabo iko na wewe, lakini unaendelea nayo. Inapata kilomita za hiyo stopu na inabaki kwako.

Discover ni ya wakati umeiona tu: uliikuta kwa kashi ukaiacha, au beshte alikuonyesha yake. Inabaki mahali iko, ama kwa mikono ya mwenye ako nayo.

Grab ni ya wakati umeipata nje ya kashi. Msee amekupea mkononi, ama uliikuta kwa kashi lakini kwa mtandao haionyeshi iko hapo. Inaihamisha kwako moja kwa moja.

Shida kubwa ni watu kuchanganya Retrieve na Discover. Uliona sarafu safi kwa kashi ya Kisumu, ukaipenda, ukaiacha, halafu jioni ukabonyeza Retrieve. Sasa ramani inasema iko kwako Pap Onditi. Kesho msee anafika kwa ile kashi, anaikuta, anachanganyikiwa. Mwenyewe anaanza kukuandikia barua akiuliza utaiachilia lini. Batani moja tu imeleta ngori ya watu watatu.

Kashi kwanza, trakabo baadaye

Mpangilio ni kila kitu. Ukipata kashi, tia sahihi kwa karatasi yake kwanza. Kisha kwa simu andika umepata hiyo kashi, na kwa hiyo logi uchague chenye trakabo imefanya: imeshuka ama imetembelea. Ka kuna yenye umechukua, fungua ukurasa wake, weka namba ya siri, uchague Retrieve, na uweke tarehe ya siku yenyewe uliichukua.

Hiyo tarehe msiilenge. Ka ulishuka Nairobi Ijumaa, ukapita kashi mbili, ukafika Kisumu Jumamosi na ukalogi zote Jumatatu, weka Ijumaa kwa za Ijumaa na Jumamosi kwa za Jumamosi. Ukiziweka zote tarehe moja na bila mpangilio, mstari kwa ramani utarukaruka mbele na nyuma, na kilomita zitakuwa za uongo. Kumbuka pia hesabu ni ya mstari umenyooka, sio barabara. Nairobi hadi Kisumu kwa mat ni karibu kilomita 350, lakini kwa ramani ya trakabo ni ka 260 hivi. Usishangae, na usijaribu kuongeza na stopu zenye hukufanya. Visit ni ya mahali mlifika kweli, wewe na hiyo kitu.

Na ka netiweki imekataa, hiyo isiwe sababu ya kunyamaza. Apu inakubali uandike rasimu na uitume baadaye. Hata karatasi na kalamu zinatosha: namba, jina la kashi, siku. Ukifika penye kuna netiweki unaingiza yote kwa dakika chache.

Ukiikuta kwa kashi, na ramani inasema iko kwa msee

Hii hutokea sana. Umefungua kashi, sarafu iko ndani, lakini mtandao unasema bado iko kwa msafiri mmoja. Kawaida huyo msee ameiacha leo asubuhi na bado ako njiani, hajafika penye ana netiweki. Mpe siku chache. Mtumie ujumbe wa adabu: "Habari yako, nimepata sarafu yenye ulikuwa nayo kwa kashi fulani, naomba uilogi ndiyo niendelee nayo." Wengi hujibu haraka na shukrani.

Ka siku zimeenda na kumenyamaza, tumia Grab. Hakuna ubaya. Lakini kuna kitu moja ya ziada yenye hutofautisha msee wa kawaida na msee anajali: ukifanya Grab, ile kashi yenye uliitoa imerukwa kwa ramani. Kwa hivyo andika noti kwa hiyo kashi, uishukishe hapo, halafu uifanyie Retrieve kutoka hapo hapo. Safari yake inarudi kamili, na kilomita za yule msee alisahau hazipotei.

Kinyume chake pia hutokea: mtandao unasema kashi ina trakabo tatu, unafungua unakuta hakuna. Sema ukweli kwa logi yako, eti umecheki na haziko. Mwenye kashi au mwenye trakabo ataziweka kwa orodha ya zilizopotea. Msee mwingine asipande nduthi kutoka Sondu akidhani anaenda kuchukua kitu haiko.

Kwetu, kila logi ina uzito

Kule Ujerumani ama Marekani kashi ni mob, hadi mtu anaweza kuacha trakabo kwa moja asubuhi na ikahamishwa jioni. Kenya kashi ni chache sana ukilinganisha na huko. Hiyo inamaanisha trakabo ikiingia upande wa ziwa, inaweza kukaa. Ukiichukua na hujui utapita wapi, unaweza kuifunga miezi. Ushauri wa wengi kwa mchezo ni usizidishe wiki mbili hivi. Ukiona itachelewa, mwandikie mwenyewe, mwambie ukweli, muulize ka anadai uitume na mtu anaenda Nairobi.

Na ka unadai kuficha kashi huku, fanya kwa njia. Huu mchezo hauzikubali kashi za wageni wa kupita, juu mkebe lazima uangaliwe na mtu ako karibu. Hapo ndipo sisi tuko mbele ya kila mtalii: tunaishi hapa. Kashi mbili za kawaida lazima ziachane angalau mita 161. Hauchimbi shimo. Na unaomba ruhusa. Ka ni ufuoni, enda kwa wasee wa BMU, wale husimamia ufuo. Ka ni shamba, mwone mwenyewe, umwambie: "Jaduong', naomba kuweka kamkebe kadogo hapa, wageni watakuja kukatafuta, na mimi ndiye nitakaangalia." Ukienda mahali watu wanaabudu, ka Kit Mikayi kule Seme, ongea na wenyeji kwanza na ufuate chenye watasema.

Halafu heshimu maji. Sisi tunajua Sondu Miriu na Nyando zikifurika. Mei 2020 ziwa lilipanda likavunja rekodi yake ya 1964, na maji yakaingia dala za watu. Mkebe umefichwa chini ya mti ukingoni utaenda na trakabo zote ndani yake. Weka juu, weka mkebe haupitishi maji, na uucheki kila mvua kubwa ikiisha.

Picha na maneno

Logi fiti haihitaji shairi. Lakini ka umebeba kitu ya mtu hadi hapa, mpe kitu ya kuona. Ipige picha juu ya boti Dunga, na wavuvi wakubali kwanza. Ipeleke Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, lile ziwa la volkeno lenye flamingo hushuka, na uandike hadithi yenye wazee husimulia: mwanamke mzee alinyimwa makaribisho usiku, na kijiji kizima kikafunikwa na maji. Msee wa Poland akisoma hiyo, sarafu yake imefika mahali kweli. "Asante, nimepata" inamwambia nini?

Tena Kenya tumejua nguvu ya namba ndogo kitambo. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakiwavisha pete zenye namba ndege wadogo wenye hupita usiku wakihama kutoka Ulaya na Asia. Pete ikishafungwa, ndege anaachiliwa. Njia yake inajulikana tu siku mtu mbali sana anaiona hiyo pete, anasoma namba na kuripoti. Msee mwenye anaripoti hupata nini? Hakuna pesa. Lakini bila yeye, kazi ya usiku wote ule Ngulia haikamiliki.

Hivyo ndivyo naiona trakabo. Mtu ameamini ati kuna watu waaminifu kila upande wa dunia, wenye wataandika namba bila kulipwa na bila kusimamiwa. Kila logi ya ukweli kutoka Nyakach inamwambia hakukosea.

Kwa hivyo ka uko na trakabo kwa keja sai, hata ka imekaa mwaka, usione haya. Mwandikie mwenyewe leo, mwambie iko salama na itaenda wapi. Halafu ukipanda mat ya Kisumu wiki hii, ibebe, ishukishe kwa kashi, na uilogi kabla ulale.